Jicho, Mkono na Kiganja: Super Mario Bros. Ilipotoka Sebuleni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mjini Tanga, mbele ya vijana wanaojifunza kuunda gemu pamoja na wazazi na walimu wao. Wengi walioalikwa walizuiwa na mvua, nami niliahidi kuwaandikia yote niliyosema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma mkaviacha vya mbele vitupu: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuhamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine, na walioniita nadhani walitarajia nitaleta habari za gemu za mwaka huu. Naomba radhi. Nitazungumzia gemu moja tu, yenye umri mkubwa kuliko nyinyi nyote wa viti vya nyuma na kuliko baadhi ya walimu wenu, kwa sababu imehamishwa mara nyingi na kwa njia mbalimbali, na katika kila safari kuna kitu kilichoachwa njiani. Gemu hiyo ni Super Mario Bros., ya mhusika Mario anayekimbia na kuruka mashimo na maadui.

Ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, kwa ajili ya mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Waliosanifu ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki wake ulitungwa na Koji Kondo. Ina dunia 8, kila dunia ina hatua 4, jumla hatua 32. Mashimo yote, kobe wote, ngome, nyimbo na mlingoti wa bendera viliingia katika kilobaiti 40. Kilobaiti 40 ni kitu gani, vijana? Picha aliyonipiga dada yule pale kwa simu yake sasa hivi haiwezi kuingia humo. Pengine sikio langu moja lingeingia. Ndiyo maana ukitazama kwa makini utaona kwamba wingu la angani na kichaka cha ardhini ni mchoro mmoja, ila kimoja kimepakwa nyeupe na kingine kijani. Watu wale walibana matumizi kama mama mwenye nyumba siku za mwisho wa mwezi.

Mwaka 1999 gemu hiyo ililetwa kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy Color, ikaitwa Super Mario Bros. Deluxe. Hilo ndilo toleo nililokuja kuliweka mezani leo, nilipime na yaliyotangulia. Na swali langu ni hili: ikiwa kila tofali limehamishwa, kila shimo limebaki mahali pake, na kila kobe anatembea njia yake ya zamani, je, gemu imehamia?

Mimi Mario nilimjua kwa mlango wa nyuma. Kwetu haikuja Famicom yenyewe. Zilikuja zile mashine za bei nafuu zilizoiiga, zenye kaseti za njano zilizoandikwa idadi kubwa ya gemu ambayo ukihesabu vizuri ulikuta ni gemu chache zilizorudiwarudiwa, na miongoni mwa hizo chache alikuwamo Mario. Tulicheza sebuleni kwa shangazi, watoto saba kwa padi mbili, yaani vile vidude vya mkononi vya kumwongozea Mario, kwa sheria moja iliyoheshimiwa kuliko sheria zote za nyumba ile: ukifa, unatoa padi. Kwa sheria hiyo nilijifunza haraka. Nilipofika darasa la sita nilikuwa naweza kuipita hatua ya 1-3, yaani hatua ya tatu ya dunia ya kwanza, ile ya majukwaa yanayoelea juu ya utupu, huku nikigombana na binamu yangu na bila kutazama vizuri.

Kisha mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat akarudi likizo na Game Boy Color ya zambarau, ndani yake ikiwa na Deluxe. Mnaweza kufikiri nilivyoipokea. Picha zilikuwa zilezile, rangi zilezile, muziki uleule. Nikapita 1-1, nikapita 1-2, nikafika 1-3 kifua mbele, nikaruka kutoka jukwaa la juu kwenda jukwaa la chini, nikatumbukia. Nikarudia, nikatumbukia. Mara nne. Watoto saba walikuwa nyuma ya bega langu, na sheria ya nyumba ilikuwa palepale. Binamu yangu alitoa hukumu kwamba kifaa ni kibovu, nami kwa kuwa hukumu ile iliniokoa na aibu, niliikubali kwa miaka mingi.

Kifaa hakikuwa na ubovu wowote. Naomba sasa tufanye hesabu kidogo, na walimu wa hisabati wanisamehe nikienda polepole.

Skrini ya Famicom huchora picha yenye upana wa pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 256 na kimo cha pikseli 240. Tofali moja la Mario lina pikseli 16 kila upande. Kwa hiyo skrini ile ina upana wa matofali 16 na kimo cha matofali 15. Skrini ya Game Boy Color ina pikseli 160 kwa 144, yaani matofali 10 kwa matofali 9. Mtu anayehamisha gemu kutoka skrini ile kuja hii ana njia mbili. Anaweza kuichora upya picha yote iwe ndogo, au anaweza kuacha kila kitu na ukubwa wake na kuonyesha sehemu tu. Waliotengeneza Deluxe walichagua njia ya pili. Mario ni yuleyule, tofali ni lilelile, lakini ukizidisha upana kwa kimo utakuta kwamba unaona chini ya asilimia 38 ya kile alichokuwa akikiona mtoto wa sebuleni.

Sasa rudini nami kwenye 1-3. Katika toleo la 1985 skrini haipandi wala haishuki kamwe. Huenda kulia tu. Kila kilichomo, kuanzia jukwaa la juu kabisa hadi utupu wa chini, unakiona kwa mtazamo mmoja. Unaporuka kutoka juu, mahali utakapotua pameshakuwa machoni pako kabla hujabonyeza kitufe. Katika Deluxe, kwa matofali 9 ya kimo, skrini inalazimika kumfuata Mario juu na chini. Ukiwa jukwaa la juu, jukwaa la chini halipo. Lipo katika kaseti, lipo katika hesabu za mashine, lakini machoni pako halipo. Mimi nilikuwa naruka kwa kumbukumbu ya jicho lililozoea dirisha pana, kumbe nimepewa tundu la ufunguo.

Watengenezaji walilijua tatizo hilo, wala si haki kuwasema kana kwamba walilala. Waliweka njia ya kusimama na kubonyeza juu au chini ili skrini ichungulie upande huo. Ni msaada mzuri. Lakini hebu niwaulize wanaocheza bao: bao letu lina mashimo 32, na mtaji wote uko wazi mbele ya wachezaji wawili. Nikikufunika sehemu kubwa ya ubao kwa leso, kisha nikakwambia unaruhusiwa kuinua pindo la leso na kuchungulia kabla ya kila mchezo, je, nimekurudishia bao lako? Kete zipo zote. Mashimo yapo yote. Hakuna nilichoiba. Hata hivyo bingwa wa mtaa ataniomba niondoke na leso yangu.

Na kuchungulia kunahitaji kusimama, ilhali Mario ni gemu ya kukimbia. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo kiini kilipo.

Mario akikimbia kwa kasi yake yote katika toleo la 1985, husogea pikseli 2.5 katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa skrini, na mashine huonyesha takribani fremu 60 kwa sekunde. Hiyo ni kama pikseli 150 kwa sekunde. Tuchukulie kwamba yuko katikati ya skrini. Mbele yake kuna pikseli 128, kwa hiyo kitu kinachojitokeza ukingoni atakifikia baada ya sehemu 0.85 za sekunde. Katika skrini ya Game Boy Color, kwa kasi hiyohiyo, mbele yake kuna pikseli 80, na atakifikia baada ya sehemu 0.53. Mtaniambia tofauti si kubwa sana. Ngojeni. Jicho kuona na kidole kuitikia, kwa binadamu wa kawaida, huchukua karibu robo ya sekunde. Toeni robo hiyo pande zote mbili. Sebuleni unabaki na sehemu 0.6 za kufikiri. Kiganjani unabaki na 0.28. Skrini imepungua upana kwa chini ya mbili kwa tano, lakini muda wa kufikiri umepungua kwa zaidi ya nusu. Na hapo nimezungumzia shimo, ambalo limetulia mahali pake. Bullet Bill, ile risasi nyeusi yenye macho, inakuja kukulaki, na kila hatua yako inaipunguzia safari.

Mimi, baada ya kuifanya hesabu hii mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilimpigia simu binamu yangu kumwomba afute hukumu yake. Alikuwa ameshasahau kesi yenyewe.

Ndugu zangu, kilichoondolewa katika Deluxe ni muda, nao hauonekani ukihesabu matofali. Gemu ya kusoma njia iliyo mbele imegeuka kuwa gemu ya kukumbuka njia uliyokwisha kupita. Mtu anayeijua 1985 kwa moyo ataicheza Deluxe na kuifurahia. Mtu anayeanzia Deluxe atakufa mahali ambapo Miyamoto na Tezuka hawakukusudia afie. Chukueni mwanzo kabisa wa 1-1, ambao wenyewe wameueleza hadharani kwamba ulipangwa kama somo: Mario yuko kushoto, kulia ni wazi, kwa hiyo unajua pa kwenda bila kuambiwa, anatokea mdudu wa kahawia, unajifunza kuruka, unapiga kisanduku chenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unakwenda kulia, unagonga bomba, unakurudia. Somo lote hilo linategemea kuona mdudu, visanduku na bomba vikiwa pamoja, kama mwanafunzi anavyohitaji ubao mzima mbele yake. Kiganjani, somo linafundishwa kwa vipande.

Sasa, ili msidhani nina chuki na kifaa kidogo, nataka niwapeleke kwenye toleo lililokuwa na skrini kubwa na likakosea kwingine. Kabla ya hapo nitaje tu kwa haraka kwamba mwaka 1986 kulikuwa na Vs. Super Mario Bros., la mashine za kutumbukiza sarafu, lililofanywa gumu kwa makusudi, maana mwenye mashine ile hupata faida ukifa. Hilo tuliache.

Mwaka 1993 Nintendo walitoa Super Mario All-Stars kwa ajili ya Super Nintendo. Humo Mario wa 1985 alichorwa upya tangu unywele hadi kiatu. Milima ikawekwa nyuma, ngome zikapata vivuli, muziki ukapata vyombo. Skrini ilikuwa na upana uleule wa pikseli 256. Jicho halikunyimwa kitu, jicho lilikirimiwa. Kilichojeruhiwa ni mkono.

Katika toleo la 1985, Mario mkubwa akivunja tofali kwa kichwa hurudishwa chini papo hapo. Tofali limevunjika, lakini limejibu. Katika All-Stars, Mario akivunja tofali huendelea kupanda, kana kwamba amepita kwenye moshi. Ni kosa dogo la hesabu ya mwendo. Ukilielezea kwa mtu asiyecheza atakuona una wazimu. Lakini nilimpa binti yangu matoleo hayo mawili, bila kumwambia chochote, naye alikuwa na miaka tisa. Alicheza la 1993 kwa dakika kumi, akasema ni zuri. Alicheza la 1985 kwa dakika kumi, akasema ni baya kwa sura. Nikamuuliza lipi niliache kwenye televisheni. Akaelekeza kidole kwenye lile la sura mbaya. Nilipomuuliza sababu alifikiri sana, kisha akasema: "Hili, baba, nikipiga linapigika."

Sijapata kusoma uchambuzi wa wataalamu unaozidi huo. Deluxe, pamoja na dhambi zake za jicho, ilirudi kwenye sura na mazoea ya 1985 na kuziacha nakshi za 1993, na kidole kilichofundwa na kaseti za njano kinajikuta nyumbani. Ndivyo ilivyo, basi: All-Stars liliheshimu jicho likasahau mkono, na Deluxe liliheshimu mkono likaliziba jicho. Mimi mkinilazimisha kuchagua nitachagua mkono, kwa sababu jicho linaweza kujifunza kukumbuka, lakini mkono uliodanganywa hauna pa kukimbilia. Najua wako humu watakaonipinga, na muda wa maswali upo.

Mtu mmoja ataniuliza: hivi haikuwezekana kuihifadhi picha nzima kwenye kifaa kidogo? Ilijaribiwa. Mwaka 2004, katika Game Boy Advance yenye skrini ya pikseli 240 kwa 160, Nintendo walileta tena gemu ya 1985 kama ilivyo, na safari hii waliibana. Kwa upana ilikaribia kutosha, ikapunguzwa kidogo pembeni. Kwa kimo ilifinywa. Kina mama mliopo hapa mnaelewa vizuri kuliko vijana hawa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukipewa kanga na sanduku dogo lisiloitosha, Deluxe ni fundi aliyechukua mkasi, akaubakisha mji ukiwa safi kabisa, akakata pindo na jina. Toleo la 2004 ni fundi aliyeiacha kanga nzima lakini akaichapa upya kwa kuibana juu na chini, jina lote lipo na herufi zote zimekaa kama zilizokaliwa na mtu mzito. Mario wa 2004 ni mfupi, mnene, na michoro yake imepoteza baadhi ya mistari. Lakini unaliona shimo linakuja! Jukwaa la chini la 1-3 lipo pale pale, limebanwa lakini lipo. Mwaka huo, nikiwa kwenye basi la Tanga kwenda Dar es Salaam na kifaa cha kuazima, niliruka kutoka jukwaa la juu kwenda la chini mara ya kwanza na sikutumbukia. Abiria wa jirani alinishangaa kwa kelele niliyopiga.

Hebu sasa niitetee Deluxe, kwa kuwa mpaka hapa nimekuwa mwendesha mashtaka, na utetezi wake ndio sehemu ninayoipenda zaidi.

Mwaka 1985 gemu hii haikuwa na njia ya kuhifadhi ulipofikia. Ilikuwapo siri, kwamba baada ya kufa kabisa unaweza kushikilia kitufe cha A na kubonyeza Start, ukaanzia mwanzo wa dunia uliyofia. Siri hiyo haikuwahi kufika sebuleni kwa shangazi. Sisi tulianza 1-1 kila siku ya Mungu. Usiku mmoja kaka yangu mkubwa alifika 8-3, hatua ya wale ndugu wenye nyundo, na watoto wote tumekaa kimya kama tuko msibani, umeme ukakatika. Hakulia. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na mama akampelekea chai bila kumsemesha. Deluxe, ndugu zangu, inahifadhi ulipofikia. Inatumia betri mbili ndogo. Umeme ukikatika haina habari nao, ingawa skrini ya Game Boy Color haina taa yake yenyewe, hivyo usiku tuliisogeza karibu na taa ya chemli hadi pua zikapata masizi.

Lakini kuhifadhi si utetezi mkubwa. All-Stars nayo ilihifadhi. Utetezi mkubwa ni namna mpya ya kucheza waliyoiongeza, iitwayo Challenge. Hatua ni zilezile 32, lakini katika kila moja mna sarafu nyekundu 5, yai la Yoshi, yule dinosauri rafiki wa Mario, lililofichwa mahali pamoja, na alama za kufikia. Kwa nini naliona jambo hili kuwa kubwa? Kwa sababu mtu anayetafuta yai lililofichwa hakimbii. Anasimama. Anachungulia juu, anachungulia chini, anagonga ukuta usio na kitu, anarudia hatua aliyokwisha kuimaliza ili aone kile alichokipita. Dirisha dogo linalomwonea mkimbiaji linamfaa mtafutaji, kwa sababu kutafuta kuna raha tu pale ambapo vitu havionekani vyote kwa pamoja. Kasoro ya kifaa imegeuzwa kuwa shimo la hazina.

Sikuligundua hilo mimi. Aliligundua dada yangu mdogo, ambaye sebuleni hakupata padi kwa sababu alikuwa akifa upesi na hakuwa na nguvu za kuipokonya. Wakati sisi wakubwa tumeisusa Game Boy ya mjomba kwa hukumu ya binamu, yeye aliichukua, akakaa nayo barazani mchana kwenye mwanga, na likizo nzima akatafuta sarafu nyekundu. Ukipiga 32 kwa 5 unapata 160, idadi ileile ya pikseli za upana wa skrini ile. Ni sadfa tu, lakini yeye aliipenda nilipomwambia. Alikuwa na daftari. Kwa kila hatua aliandika sarafu iko wapi na yai liko nyuma ya tofali la ngapi. Siku moja akanionyesha katika 1-1, hatua niliyoipita labda mara elfu mbili, mahali ambapo sikuwahi kusimama. Nilikuwa nimepapita tu. Mtoto aliyeshindwa sebuleni alikuwa anaijua nyumba ya Mario kuliko sisi sote tuliokimbia vyumbani mwake.

Vijana, mnaona walichofanya? Hawakuweza kuirefusha skrini. Mashine ilishatengenezwa, haibadiliki. Walichoweza kubadilisha ni kazi anayopewa mchezaji, wakampa kazi inayolingana na dirisha lake. Na bado waliiacha gemu ya zamani humohumo, kwa anayetaka kukimbia na kutumbukia kama mimi. Waliweka pia mashindano ya watu wawili kwa waya, kila mmoja na kifaa chake na kaseti yake, na mbio dhidi ya zimwi liitwalo Boo linalopenya kuta, ambalo hufunguka ukifikisha alama 100,000. Hayo ni mapambo mazuri. La sarafu nyekundu ndilo lenye akili.

Kuna mahali akili hiyo haikutosha, na haki inataka niliseme. Ukifikisha alama 300,000 Deluxe inakufungulia hatua za Super Mario Bros. 2 ya Kijapani, ile ya mwaka 1986, iliyojulikana nje ya Japani tangu All-Stars kwa jina la The Lost Levels. Ile ni gemu iliyotungwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuimaliza ya kwanza na kuichoka: uyoga wa sumu, miruko mirefu isiyosamehe, upepo unaokusukuma. Katika Deluxe upepo umeondolewa, na dunia za ziada zilizokuwa zikifuata baada ya ile ya nane hazimo. Sitalalamikia kilichoondolewa. Nalalamikia kilichobaki. Gemu ambayo hata kwa skrini ya matofali 16 ilikudai usahihi wa sindano, sasa unaicheza kwa matofali 10. Pale sioni utetezi. Mwaka 1985 ulibanwa ukapona. Mwaka 1986 ulibanwa ukawa kamari. Dada yangu mwenye daftari alizifungua hatua hizo, akacheza siku mbili, akanirudishia kifaa mkononi bila neno.

Nimeulizwa mlangoni na fundi mmoja wa sauti, nami nimjibu kwa ufupi: muziki ulihama kwa salama kuliko vyote, kwa kuwa Game Boy Color ina njia nne za sauti, mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya kelele, na wimbo wa Kondo wa 1985 ulihitaji mbili za mraba, moja ya pembetatu na moja ya kelele. Ile ya pembetatu huchorwa katika njia ya wimbi huru. Ukifumba macho huwezi kujua uko sebuleni au barazani. Ukifumbua ndipo unatumbukia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ameionyesha kwa adabu mara mbili, kwa hiyo naacha.

Mezani pale kuna televisheni yenye mashine ya kaseti za njano, kuna Game Boy Color ya mjomba, ambayo bado inawaka, na kuna Game Boy Advance yenye kaseti ya 2004. Betri ni mpya, nimezinunua asubuhi hapo dukani. Daftari la dada yangu nimelileta pia, kwa idhini yake, na kwa sharti kwamba hakuna atakayelifungua kabla hajatafuta mwenyewe. Anzeni na 1-3, jukwaa la juu. Na sheria ya nyumba ya shangazi inatumika hapa: ukifa, unatoa padi.